Mwaka wa Muhogo Mchungu

Nikiwa Dar es Salaam, mtu akishajua kwetu ni Tandahimba, mkoani Mtwara, neno la kwanza ni korosho. "Nyie si matajiri nyie, mna korosho." Sikatai, tunazo. Ila korosho zinaanza kuokotwa Oktoba, na njaa ya kwetu haifuati kalenda ya mnada. Inaanza Januari, inakolea Februari na Machi, wakati ghala limebaki vumbi na kilichoko shambani bado ni majani. Hiyo miezi ni migumu hata mwaka wa neema. Sasa weka ukame juu yake.

Nazungumzia msimu wa 2005 kuingia 2006. Ukame ule sehemu kubwa ya nchi iliuona. Redioni tulisikia bwawa la Mtera limepungua maji na watu wa mijini wanalia na mgao wa umeme. Baba alikuwa anacheka, anasema sisi wametuonea huruma, mgao wetu ni wa moja kwa moja, hauwashwi wala hauzimwi. Mimi nilikuwa darasa la sita, mtoto wa kike wa kwanza nyumbani, kwa hiyo mwenye ndoo ni mimi.

Anayeujua uwanda wetu wa Makonde anajua shida yake. Udongo ni kichanga kirefu, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, na huku juu huoni mto wala kijito. Maji yako mabondeni, chini ya miteremko. Bibi alitusimulia walivyokuwa wakiondoka usiku kushuka bondeni na kurudi na mtungi mmoja jua limeshakuwa kali. Wakati wetu palikuwa na gati la bomba, maji yanapandishwa kwa pampu kutoka chini, na pampu ikinyamaza kijiji kizima kinarudi kwenye njia ya bibi. Wenye nyumba za bati walikuwa na visima vya kuvunia mvua, shimo lililosakafiwa kwa saruji pembeni mwa nyumba na mfereji unaoshuka kutoka kwenye paa. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Maji ya paa la nyasi yanatoka na rangi ya chai, na hata hayo yanataka mvua kwanza.

Mama aliyapangia maji kazi. Yakishaosha mboga yanabaki kwenye karai, yanasuuza vyombo vya mchana, jioni yananawisha miguu ya watoto, na yaliyobaki yanamwagwa kwenye shina la mpapai nyuma ya jiko. Mpapai ule haukuwahi kukosa kitu mwaka mzima, na nadhani ndio pekee uliosema mwaka ulikuwa mzuri. Kuoga ni kopo moja na kitambaa. Msikitini shehe alitangaza waziwazi kwamba mwenye shida ya maji atayamamu kwa udongo, na udongo tulikuwa nao tele.

Mvua za kwetu ni msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Novemba ile ilipita kavu. Ramadhani ilikuwa Oktoba, tukafunga tukiwa bado na korosho za kuuza na mabibo ya kula, Idi ikaliwa vizuri. Baada ya Idi macho yote juu. Desemba ikaja mvua moja nzito, yenye radi, na alfajiri yake kijiji chote kiko mashambani. Watu walipanda kila walichokuwa nacho. Mama alipanda kipande cha shamba, akafunga kibuyu cha mbegu, akarudi nyumbani.

Baba alinuna. Majirani nao wakamtania mama kwamba anapanda kwa kijiko. Mahindi yalitoka, yakafika kimo cha kiganja, halafu jua likashuka juu yake na kuyakausha yakiwa yamesimama. Mama akasubiri dalili nyingine, akarudishia. Ikaja manyunyu, yakapita. Akarudishia tena, safari hii mtama na kunde bila mahindi kabisa. Waliopanda chote siku ya kwanza walikuwa tayari wanazunguka kuomba mbegu, na mbegu wakati huo hata mwenye pesa hazioni.

Mbegu zetu zilikaa kwenye vibuyu juu ya uchaga jikoni, moshi wa kuni unazipitia mchana na usiku ili wadudu wasiziingie. Mtama, kunde, mbaazi, njugu mawe. Midomo ya vibuyu mama aliiziba kwa gunzi na kuipaka udongo. Njaa inapokuwa ndani ya nyumba, hakuna adhabu kama kupika uji mwembamba chini ya vibuyu vilivyojaa. Mdogo wangu alivinyooshea kidole siku moja: "Mama, mle si mna kunde?"

"Zile si kunde. Zile ni za kupanda."

Hakuuliza tena. Nafikiri hakuelewa, ila aliiogopa ile sauti.

Watu wanaposimulia ukame hupenda kusema tulikuwa na matumaini, tulimwomba Mungu, tukavuka. Tulimwomba, ndiyo. Iliswaliwa swala ya kuomba mvua uwanjani, imamu kageuza joho lake na wanaume wakageuza makoti ndani nje, jua linawaka juu yetu hata wingu moja hakuna. Wakristo nao waliomba kwao. Lakini mimi niliyekuwa pale naona neno matumaini limebebeshwa sifa isiyo yake. Kuna wengi waliotumaini kuliko mama na wakala mbegu. Mama alitoka kwenye swala ile, akavua baibui, akachukua jembe akaenda kupalilia mihogo kwenye ardhi iliyokauka, ili kama yapo maji yoyote chini, majani yasiyanywe. Sikumsikia hata siku moja akisema mvua itakuja. Alichokifanya ni kuhakikisha ikija itukute na kitu mkononi.

Tuliishi kwa muhogo, na huo huo muhogo ulikaribia kutumaliza. Karibu na nyumba tulikuwa na mihogo mitamu, ya kutafuna na kuchemsha, na ng'ambo ya njia ilikuwa michungu. Wageni huuliza kwa nini mtu apande kitu chenye sumu. Nguruwe pori anajua jibu, ndiyo maana huuruka na kwenda kwa jirani. Muhogo mchungu unakaa ardhini muda mrefu ukikungoja, hauhitaji ghala, na mwizi akiung'oa usiku anajua kazi inayomsubiri. Ile mitamu iliisha Januari.

Jambo ambalo nilikuja kulielewa nilipokwenda kusomea uuguzi ni kwamba ukame wenyewe unaongeza sumu. Mmea ukikosa maji, sianidi kwenye mizizi inapanda. Hata mihogo tuliyoizoea kuwa mitamu ilianza kuuma ulimi kwenye ncha. Na kuitoa sumu hiyo kunataka vitu viwili, maji na siku. Wanaoishi karibu na mto huulowesha muhogo siku tatu au nne mpaka unakuwa laini, sumu inaondoka na maji. Sisi maji ya kulowesha muhogo tungeyatoa wapi, wakati ya kunawa uso tunayahesabu? Ndiga, vile viazi vya porini ambavyo wengine huponea wakati wa njaa, navyo ni hivyo hivyo, bila kuloweshwa vizuri vinaua.

Tulibaki na njia moja, kuvundika. Unamenya, unaupanga muhogo kwenye majani, unaufunika kwa nyasi na magunia mpaka uote ukungu. Unaukwangua ule ukungu, unapasua makopa, unaanika. Unaendelea kuanika hadi kopa ukilivunja likatike kwa mlio. Hapo ndipo kinu, ndipo chekecheke, ndipo ugali. Jua likiwa zuri kazi yote inachukua zaidi ya wiki.

Njaa haina wiki. Watu wakaanza kukata siku. Kopa la juzi linatwangwa lina unyevu, unga unaanikwa mchana mmoja, usiku unapikwa. Anayekula hivyo anaweza kupata kizunguzungu, kichwa kinamgonga, anatapika, asubuhi akiwa na nafuu anasema ilikuwa njaa. Balaa ni kwa anayekula hivyo kila siku, wiki baada ya wiki, kwa mboga isiyo na samaki wala kunde. Upande wa pili wa kijiji mtoto mmoja aliamka miguu yote miwili imekakamaa. Hakuwa na homa, hakuanguka popote. Jana yake alikuwa anacheza. Ikasemwa karogwa, na ndugu wakaanza kutazamana vibaya kwa sababu ya shamba la urithi, ugomvi ambao sidhani kama umeisha mpaka leo. Chuoni, nilipokuta kurasa mbili tu kuhusu ugonjwa unaoitwa konzo, nilimwona yule mtoto. Unakuja ghafla, unawapata zaidi watoto na wanawake, hauambukizi, na miguu ikishakakamaa hairudi ilivyokuwa. Mtwara ulikuwa umeshaonekana mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000. Chanzo ni mambo mawili yakikutana mwilini, sumu ya muhogo ambao haukuandaliwa vizuri na upungufu wa protini ambayo ingeusaidia mwili kuivunja sumu hiyo.

Mama hakujua neno konzo wala sianidi. Alichojua ni kwamba mama yake alimkataza.

Jioni moja makopa yalikuwa kwenye jamvi uani, nasi watoto tumekaa kuyazunguka, hakuna anayeongea. Mdogo wangu akavuta moja akaling'ata. Mama alimtoa mdomoni kwa kidole, kila punje, akamfuta ulimi kwa ncha ya kanga. Baba alikuwa mlangoni.

"Mama watoto, hawa jana wamelala na uji. Si yamekauka hayo?"

Mama hakujibu. Aliokota kopa lililoonekana kavu kuliko yote, akalivunja magotini, akamsogelea akamwonyesha katikati. Palikuwa na kiini kidogo, cheupe zaidi kuliko pembeni, na ukikibonyeza kwa kucha kinaacha alama. "Hapo," alisema. Baba alikibonyeza kwa kucha yake mwenyewe. Akakitazama. Akavirudisha vipande vyote viwili kwenye jamvi, akaenda kukaa.

Usiku ule tulikula ming'oko. Siku hizi ming'oko inauzwa stendi ya Mtwara, imepangwa kwenye masinia, watu wanashuka kwenye mabasi wanaigombania kwa chumvi na pilipili. Mimi pia nanunua. Mwaka ule ilikuwa ni kuingia porini na bibi, kufuata mti unaotambaa mpaka kwenye shina lake, na kuchimba kwa muda mrefu kupata vimizizi vyembamba vya kujaza kikapu nusu. Bibi alikuwa mkali kwenye jambo moja: ukishakata chakula chako, kichwa cha mzizi unakirudisha shimoni unakifukia. Alikuwa akipita shimo ambalo mtu ameliacha wazi anasonya, kisha anainama analifukia yeye. Ilikuwa inaniudhi, maana jua kali na mimi nina njaa, naye anafanya kazi ya watu wasiojulikana.

Kuhusu mboga, mama aliuza jogoo ili anunue dagaa. Wakati huo niliona ni wazimu. Kijiji kizima kinatafuta unga, yeye anauza kuku kwa dagaa. Halafu mjomba akaja kutoka Mikindani na papa mkavu na furushi jingine la dagaa. Kwa Wamakonde mjomba hahesabiwi mgeni, watoto wa dada yake ni watoto wake, kwa hiyo hakuja kutoa msaada, alikuja kulisha wa kwake, na aligomba kwa nini hakuitwa mapema. Nikiangalia leo kwa macho ya kazi yangu, naamini dagaa wale na majani ya kunde vina sehemu kubwa katika miguu yetu kubaki mizima. Mama alisema tu kwamba ugali wa muhogo mkavu hauteremki bila kitoweo.

Sasa kangomba. Msimu ukija kila kiongozi hupanda jukwaani kuilaani kangomba, na wana haki. Mfanyabiashara anakuja na mahindi au pesa kidogo miezi ya njaa, anazinunua korosho zako kabla hazijawa hata maua, kwa kipimo chake yeye, na Oktoba ikifika anakuja na magunia. Ni wizi wenye makubaliano. Lakini wanaoilaani hufanya hivyo Oktoba. Wangekuja Februari, wakae uani na mtu ambaye mtoto wake ameacha kulia kwa sababu hana nguvu, ndipo waseme. Baba alijiwa zaidi ya mara moja. Yule mtu hakuwa mbaya wa sura wala maneno, alikaa kwenye mkeka, akaulizia afya zetu, akatupa watoto biskuti. Alitaka korosho zote za msimu.

Baba aliomba siku mbili za kufikiri. Mwisho akatoa safu ya mikorosho ya upande wa barabara, misimu miwili, mtu aihudumie mwenyewe na aokote mwenyewe. Iliyobaki hakuigusa. Mahindi tuliyopata yalikuwa machache kuliko ya majirani waliotoa shamba zima, na kwa muda tulionekana wajinga. Mahindi ya msaada wa serikali nayo yalifika, kilo chache kwa kaya, yakasaidia kwa siku zake. Kuna baraka nyingine ambayo baba aliisimulia mpaka alipofariki. Juni ilipofika hakuwa na pesa ya salfa, dawa ya unga ya kuzuia ubwiriubwiri, ule ukungu unaoharibu maua ya mikorosho. Yule mwenye rehani akaja na mashine yake akapulizia safu yake, na upepo wa siku ile ulikuwa unavuma kuelekea kwetu. Baba alikaa barazani akiangalia vumbi la njano likiingia kwenye mikorosho yake bure, akamwitia mama aje aone.

Mvua ya kweli ilikuwa imekuja Machi. Haikuwa nyingi. Kwa mahindi ilikuwa imechelewa, lakini mtama, kunde na mbaazi za mbegu ya mwisho zilitosha kuinuka. Tulivuna kidogo, na kabla hatujala mama alijaza vibuyu, akaziba, akapandisha juu. Jando la mdogo wangu liliahirishwa, maana ngoma inataka watu na watu wanataka kula. Alienda mwaka uliofuata akiwa mkubwa kuliko wenzake, wakamtania sana.

Pesa ya kwanza ya korosho baada ya rehani kuisha, baba alinunua bati. Mama alitaka, na hakutaka kusikia habari ya baiskeli. Wakati huo mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuwa umeshaanza Mtwara, korosho unazipeleka ghalani ziuzwe kwa pamoja, malipo yanapitia chama cha msingi cha wakulima, na baba alilalamikia ucheleweshaji kama kila mtu, ila angalau kipimo kilikuwa mizani. Bati zikafuatiwa na kisima cha saruji. Mvua ya kwanza kuingia kisimani tuliiacha yote imwagike iondoe vumbi la paa, na mama aliitazama ikipotea kwa uchungu wa wazi.

Kazini kwangu sasa, msimu ukiwa mbaya, wanaletwa watoto wanaotapika baada ya ugali wa jioni. Nimejifunza kumuuliza mama wa mtoto jinsi alivyoandaa muhogo kabla ya kumuuliza kitu kingine, na kumuuliza nikiwa nimekaa. Ukiuliza umesimama anasema ameuanika vizuri. Ukikaa anakwambia ni siku mbili. Simkemei, najua kilichomfanya akate siku. Namwonyesha namna ya kuuokoa unga ambao ameshautwanga, njia iliyofundishwa ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji: unauchanganya na maji uwe uji mzito, unautandaza mwembamba kwenye sinia juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano, sumu iliyobaki inaondoka kwa hewa, kisha unapika siku hiyo hiyo. Maji yanayotakiwa ni kidogo. Mama yangu nilipomwonyesha alisema ni sawa kwa wenye haraka.

Nyumbani kuna ubishi ambao haujaisha. Mnada wa msimu wa 2024 bei ya korosho ghafi ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na kaka yangu akang'oa mihogo yake yote akapanda mikorosho mipya. Hoja zake ni za maana: ana watoto shule, korosho inavumilia ukame kuliko mahindi, na ukiwa na pesa unga unauzwa dukani. Mama anamuuliza mwaka ule pesa ilikuwa inanunua mbegu kwa nani. Kaka anasema dunia imebadilika, barabara ni nzuri, lori la unga linatoka Songea leo linafika kesho. Kila mmoja akinipigia simu anataka niseme yuko sahihi. Kaka nimemwambia aache hata kipande kidogo, amekataa. Mama ana umri ambao hafai kulima tena, ila kipande chake cha ng'ambo ya njia bado kina mihogo michungu, na amemwambia kaka kwamba mche wa mkorosho ukivuka ile njia ataung'oa mwenyewe.